Kesi ya Nne ya Ngazi Ileile

DADA: Haloo? Haloo! Nani mwenzangu? Mikono imejaa sabuni, nimebonyeza kwa kiwiko, jina silioni.

FUNDI: Ni mimi!

DADA: Mimi tuko wengi. Mimi nani?

FUNDI: Mdogo wako wa mwisho. Mpaka rangi. Mwizi wa ngazi.

DADA: Mungu wangu... Uko wapi? Mbona makelele hivyo? Wamekuweka ndani? Hiyo simu umeazima kwa askari? Usinifiche, sema tu, nimejianda—

FUNDI: Shikamoo kwanza, dada.

DADA: Marahaba! Marahaba mara mia! Sema!

FUNDI: Kaa chini.

DADA: Nimekaa.

FUNDI: Hujakaa. Nasikia ndala zinapiga sakafu huku na huku.

DADA: Haya, nimekaa. Juu ya ndoo ya nguo. Sema kabla haijapinduka.

FUNDI: Imetupwa!

DADA: Nini imetupwa?

FUNDI: Kesi, dada! Kesi! Imetupwa nje mchana kweupe, watu wanaona, na mimi niko barabarani natembea na miguu yangu miwili!

DADA: [vigelegele]

FUNDI: Dada, sikio langu—

DADA: [vigelegele tena] Ngoja. Ngoja, jirani amechungulia ukutani. Anauliza kwani kuna mtoto amezaliwa.

FUNDI: Mwambie ndiyo. Wa kiume. Kilo themanini, na ndevu anazo.

DADA: [anacheka] Amesema hongera. Ah, mdogo wangu! Ah! Tangu alfajiri nimefua nguo safi nikazifua tena. Sasa hebu... hebu subiri. Nisifurahi bure. Si ya kwanza pia ilitupwa?

FUNDI: Ilitupwa. Hakuna ushahidi.

DADA: Mume wangu akaenda tena.

FUNDI: Akaenda tena, ya pili. Nayo ikatupwa. Ya tatu akavuka mto, akaifungua kwenye mahakama ya upande wa pili, akidhani kule hawajui kusoma. Ikatupwa.

DADA: Na hii ya nne imetupwa. Kwa hiyo mume wangu mwezi ujao atavaa shati lake la mahakama aende kwenye ya tano. Namjua yule. Ningekuwa simjui nisingemzalia watoto watatu.

FUNDI: Haendi! Hii si kama zile. Sikia—[mkwaruzo]—kimu amemwa—[mkwaruzo]—mpaka karani aka—

DADA: Unakatika! Simama mahali pamoja!

FUNDI: Siwezi kusimama, kuna... nitakwambia. Unanisikia sasa?

DADA: Nakusikia.

FUNDI: Nina dakika kumi na tano za kifurushi, kwa hiyo usinikatize. Hakimu ni yule mama mpya, mwenye miwani ya kamba. Kaingia, kafungua jalada, katutazama mmoja mmoja. Akamwambia shemeji, "Mlalamikaji, simama unisomee lalamiko lako mwenyewe." Shemeji kasimama. Shati limenyooka, dada, pasi yako naijua.

DADA: Nisamehe bure. Nafanyaje? Mara nne nimelipiga pasi shati hilo. Namfunga kifungo cha juu, namwambia "kila la heri, baba watoto," halafu naenda chooni kukuombea wewe.

FUNDI: Hahaha! Dua ya chooni imefika! Basi shemeji anasoma. Sauti ya tarumbeta. "Kwamba mshtakiwa, shemeji yangu, aliiba ngazi yangu ya mbao, vipandio kumi na tisa." Ukurasa wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Unajua lalamiko lilichapwa wapi?

DADA: Kwa yule binti wa stesheneri, karibu na kituo cha maji. Alimpelekea lile faili lake la zamani, akamwambia atoe nakala ya yote yaliyomo, abadilishe tarehe tu.

FUNDI: Akatoa nakala ya yote!

DADA: Yote yapi?

FUNDI: Yote, dada! Mpaka uamuzi wa kesi ya tatu! Binti wa watu kaukuta mle kwenye faili, kautoa nakala, kautia pini pamoja na mengine. Shemeji hakuangalia. Anasoma kwa mbwembwe, kidole hewani, kafika ukurasa wa mwisho: "Kwa sababu hizo, mahakama hii inaona lalamiko hili halina msingi, na mshtakiwa anaachiwa huru."

DADA: Kasoma mwenyewe?!

FUNDI: Kwa mdomo wake! Na "anaachiwa huru" kaikazia! Ndipo akanyamaza. Akageuza karatasi aone nyuma kama kuna nyingine.

DADA: [anacheka] Mbavu zangu... ndoo imepinduka... endelea!

FUNDI: Hakimu akasema, "Asante. Nakubaliana na lalamiko lako."

DADA: Uongo!

FUNDI: Haki ya Mungu! Mahakama nzima chali. Askari wa mlangoni kageukia ukutani, mabega yanatetemeka. Na hapo bado. Wakati tunacheka, juu yetu kuna mtu anabadilisha balbu. Hakimu kainua macho, kauliza, "Wewe karani, umepanda juu ya nini?" Karani akasema, "Juu ya kielelezo, mheshimiwa."

DADA: Ngazi?

FUNDI: Ngazi! Miaka mitatu imelala kwenye korido yao kwa sababu haiingii kwenye chumba cha vielelezo, wameigeuza mali yao. Balbu wanabadilishia ile, utando wa buibui wanatolea ile, karani mmoja anaanikia mwavuli. Imebandikwa karatasi nne, kesi nne, hata ile ya ng'ambo ya mto walikoivusha na kuirudisha, zote zimeandikwa "Kielelezo A."

DADA: Masikini ngazi. Yenyewe imekwenda mahakamani mara nyingi kuliko wakili.

FUNDI: Na sisi wenye kazi? Mimi miaka mitatu napaka ukuta mpaka mkono unapofika, juu namwachia Mungu. Mumeo fundi mapaa, hana ngazi, anaezeka mabanda ya kuku.

DADA: Na kuku wenyewe wanamdharau. Haya, hakimu akasemaje? Maneno yenyewe.

FUNDI: Nakuja huko. Kwanza alini... aliniuliza lile swali.

DADA: Swali gani?

FUNDI: Lile la siku zote.

DADA: Litaje tu.

FUNDI: "Unasema hukuiba, uliazimwa. Nani alikuazima?"

DADA: Ukasemaje?

FUNDI: Nikasema sikumbuki.

DADA: Mara ya nne.

FUNDI: Mara ya nne. Hakimu akavua miwani. Akasema, "Kijana, hii ni ngazi ya mita sita na nusu. Mtu kakupa mita sita na nusu, humkumbuki?" Nikasema, "Mheshimiwa, kulikuwa na jua."

DADA: [anacheka, anaacha] Usinichekeshe hapo. Hapo sitaki kucheka.

FUNDI: Cheka tu. Imekwisha.

DADA: Ungefungwa.

FUNDI: Sikufungwa.

DADA: Mara nne unasimama kizimbani, mimi niko hapa nakanda unga. Watoto wanauliza mjomba haji kwa nini, nawaambia mjomba ana kazi nyingi. Unakumbuka alivyoapa siku ile, baba watoto, pale ulipokutwa unapaka ghorofa la duka?

FUNDI: Sikumbuki.

DADA: Acha kutokukumbuka, mimi si hakimu! Alisema mbele ya askari: "Na kama kuna mtu wa nyumba yangu aliyempa, leo hii afunge virago aondoke." Unakumbuka. Ndiyo maana mdomo umeushona.

FUNDI: Dada, leo ni siku ya furaha, bwana. Tusi—samahani mama! Samahani! Sikuona!

DADA: Nini hiyo?

FUNDI: Nimenasa gauni.

DADA: Gauni la nani?

FUNDI: La dukani, lilikuwa limetundikwa nje. Limeingia kwenye kipandio cha kwanza. Chukua mama, halijachanika. Samahani sana.

DADA: Kipandio? Umebeba ngazi?

FUNDI: Si ndiyo nilitaka kukwambia. Hakimu kasema hataki kuiona tena. Iondoke koridoni kabla ya saa nane, na wote wawili tutie sahihi kwenye daftari. Tukatia.

DADA: Umebeba mita sita na nusu peke yako, na simu sikioni?

FUNDI: Si peke yangu.

DADA: Na nani?

FUNDI: [mkwaruzo]

DADA: Nimeuliza na nani!

FUNDI: Na mumeo. Dada? Haloo?

DADA: Mume wangu yuko wapi?

FUNDI: Mwisho wa ngazi. Mimi mbele, yeye nyuma. Mimi sikukubali aende nayo, yeye hakukubali niende nayo, na peke yake hakuna anayeiweza. Basi tumeibeba.

DADA: Na mimi nimeongea yote haya! Anasikia?!

FUNDI: Hasikii! Nimekwambia mita sita na nusu. Na tunapita kwa wachomeleaji, hata mimi nakusikia kwa imani.

DADA: Ushenzi huu! Mnasemezana?

FUNDI: Hata neno. Nikisimama anasimama. Nikikohoa anakohoa. Watu wanatuuliza mnahamia wapi, kila mtu anamsubiri mwenzake ajibu. Tumepishana na mkokoteni wa maji, nikaenda kulia, yeye akaenda kush—we! We! Dada!

DADA: Nini tena? Ameanguka?

FUNDI: Amesema neno!

DADA: Neno gani?

FUNDI: "Nguzo"! Amesema "nguzo"! Nilikuwa naivaa nguzo ya umeme usoni, akaniambia "nguzo"! Miaka mitatu hajaniita hata paka, leo kaniokoa pua!

DADA: Mshukuru basi!

FUNDI: Nimeinua dole gumba. Nadhani ameliona. Ngazi imetikisika kidogo, kama mtu anayejizuia kucheka.

DADA: Huyo ndiye yeye. Hucheka na mabega tu.

FUNDI: Sasa sikia, ndiyo nimekupigia. Tumefika njia panda. Kushoto ni kwangu, kulia ni kwenu. Wa mbele ndiye anayekata kona, na wa mbele ni mimi. Niende wapi? Nikienda kwangu atasema naiba mara ya pili. Nikija kwenu... miaka mitatu sijakanyaga kwenu.

DADA: Hakimu alisemaje? Maneno yenyewe.

FUNDI: Dada, dakika zinakwisha, mimi nakuuliza njia—

DADA: Na mimi nakuuliza maneno!

FUNDI: Alisema... subiri, karatasi iko mfukoni. Shemeji, tusimame kidogo! [kimya] Amesimama. Haya. "Kumleta mtu yuleyule kwa jambo lilelile lililokwisha kuamuliwa ni kutumia vibaya taratibu za mahakama." Ndivyo ilivyoandikwa. "Mahakama si mahali pa kumalizia hasira za nyumbani."

DADA: Rudia.

FUNDI: Ku—dada! "Kutumia vibaya taratibu za mahakama."

DADA: Mbele ya hapo. Akileta tena?

FUNDI: "Lalamiko lolote lingine kuhusu ngazi hii halitapokelewa, dhidi ya mshtakiwa huyu au mtu mwingine yeyote, na atakayelileta atajibu yeye."

DADA: "Au mtu mwingine yeyote."

FUNDI: Ndiyo.

DADA: Imeandikwa hivyo? Si wewe umeongeza?

FUNDI: Na muhuri juu yake. Muhuri wenyewe umekaa upande, lakini upo.

DADA: Mtu yeyote. Hata mtu wa nyumbani.

FUNDI: Dada...

DADA: Hata mtu aliyefungua stoo asubuhi, mwenyewe yuko bafuni.

FUNDI: Dada, usiseme. Nimekaa kimya mara nne, usiniharibie leo. Una watoto, una nyumba. Mimi nimezoea, mimi hata kizimba nakijua ubao unaolia ni upi—

DADA: Mpe simu.

FUNDI: Simpi.

DADA: Mimi ni dada yako mkubwa. Nilikubeba mgongoni ukanikojolea. Mpe simu!

FUNDI: Akikufukuza?

DADA: Nitakuja kwako, nitapaka rangi za chini, wewe utapaka za juu, ngazi si mnayo? Mpe!

FUNDI: [sauti ya mbao ikigusa chini] Tumeitua. Nampelekea. Naweka spika... Shemeji. Simu. Mkeo.

SHEMEJI: Haloo.

DADA: Baba watoto.

SHEMEJI: Ndiyo, mama watoto. Nimeshindwa.

DADA: Nimesikia. Pole.

SHEMEJI: Na umesikia nilivyosoma?

DADA: Nimesikia.

SHEMEJI: Yule binti wa stesheneri...

DADA: Muache binti wa watu. Umesimama?

SHEMEJI: Nimekaa. Juu ya ngazi. Watu wanatuzunguka.

DADA: Ni mimi niliyempa.

SHEMEJI: Umempa nini?

DADA: Ngazi. Siku ile. Ulikuwa unaoga. Alikuwa na kazi ya ghorofa la duka, kazi yake ya kwanza kubwa, na wewe ulishasema ngazi ni kama mswaki, haiazimwi. Nikampa. Nikamwambia airudishe kabla ya adhuhuri. Ukatoka bafuni, ukaona stoo iko wazi, ukaenda polisi sabuni masikioni. Nikasema nitakwambia ukirudi. Ukarudi na askari, ukaapa lile neno la virago. Nikasema nitakwambia kesho. Kesho ikawa kesi. Nimeogopa miaka mitatu, baba watoto. Nimechoka.

FUNDI: Salio linasema dakika mbili.

SHEMEJI: Niliapa hivyo? Virago?

DADA: Mbele ya askari watatu.

FUNDI: Wawili.

DADA: Kumbe unakumbuka!

SHEMEJI: Subiri. Wewe, mpaka rangi. Ulikuwa unajua?

FUNDI: Shemeji, mimi ndiye niliyepewa.

SHEMEJI: Mara nne nimekuita mwizi mbele za watu. Ungetaja jina moja tu ungekwenda zako nyumbani.

FUNDI: Kulikuwa na jua, shemeji.

DADA: Anafanyaje?

FUNDI: Ameinama.

DADA: Analia?

FUNDI: Mabega yanatikisika. Sijui. Sioni vizu—anacheka! Dada, anacheka! Anacheka na machozi yanatoka!

SHEMEJI: Mama watoto, nimeacha kuezeka nyumba kumi na moja. Nimevuka mto. Nimenunua faili.

DADA: Najua. Nisamehe.

SHEMEJI: Na mwizi nalala naye kitanda kimoja!

DADA: Mwizi amekupigia pasi shati mara nne. Sasa utanishtaki?

SHEMEJI: Nitakushtakije? Si yule mama wa miwani kasema "mtu mwingine yeyote"?

DADA: Ndiyo maana nimemsomesha huyu mara mbili kabla sijafungua mdomo.

FUNDI: Ah! Dada! Ungekuwa wakili wewe!

DADA: Na virago?

SHEMEJI: [anashusha pumzi] Ngazi yenyewe imeshanivunja bega. Leo sibebi kitu kingine.

DADA: Hapana, sema vizuri. Nisikie.

SHEMEJI: Baki nyumbani, mke wangu. Nilisema kwa hasira, halafu nikaona aibu kulirudisha. Nisamehe na mimi. Na wewe shemeji, unisamehe.

FUNDI: Yamekwisha, shemeji. Dada, watu wanapiga makofi huku na hawajui kwa nini.

DADA: [vigelegele]

FUNDI: Dakika moja!

DADA: Njooni basi! Kateni kulia! Watoto nitawaambia mjomba kamaliza kazi!

FUNDI: Tunakuja! Shemeji, inua. Moja, mbili—

SHEMEJI: Ngoja. Mama watoto, swali moja tu, na si la mahakama.

DADA: Uliza haraka.

SHEMEJI: Hii ngazi wanaume wawili tumetoka jasho mpaka viatuni. Stoo ina mlango mwembamba, geti nilikuwa nimelifunga, funguo zake nilikuwa nazo bafuni. Wewe uliitoaje peke yako?

DADA: Juu ya ukuta.

SHEMEJI: Ukuta upi? Ule wenye chupa?

DADA: Uleule. Nikiwa na mimba ya miezi saba.

SHEMEJI: Haiwezekani!

FUNDI: Ni kweli, mimi nilikuwa nje nadaka—

SHEMEJI: Haiwezekani hata kidogo! Nitakwenda wapi nikaseme—

DADA: Njooni nayo, niwaonyeshe! Nafunga kanga kiunoni sasa hi—

[simu inakatika]